Watu wa Baba Yako, Nyanya

Mpendwa Nyanya,

Nakuandikia kutoka Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, ingawa najua huko uliko barua hazifiki. Ulizikwa Njoro nikiwa bado Riyadh, na kafili, yule mwajiri aliyenidhamini, hakunipa ruhusa ya kuja. Nilisimuliwa tu kwa simu: wazee walitaja mbari ya kila mtu, wakafika kwako wakakohoa, wakakuruka. Baba yako alikuwa Mskoti, basi wakasema huna watu. Nililia kwa hasira, Nyanya. Siku hiyo niliapa kwamba watu wako nitawatafuta mpaka niwapate.

Unakumbuka ulivyonisimulia tukichambua maharagwe? Baba yako, uliyemjua kwa jina moja tu la Wili, alizunguka Njoro akiziba masufuria yaliyotoboka. Utotoni mwake, huko Uskoti, yeye na wazazi wake hawakuwa na nyumba. Walihama na mkokoteni wa farasi, wakichuma matunda katika mashamba ya watu, na mama yake akiuza vibanio vya nguo mlango kwa mlango. Mjomba alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Mzungu gani huyo wa kuuza vibanio, Mama? Wazungu walikuwa na mashamba, bwana!" Ndiyo maana jamaa zetu waliulizia habari zake kwa masetla wenye mashamba peke yao, wakarudi mikono mitupu. Wewe uliendelea na maharagwe yako.

Na ile sheria yako ya mabeseni je? Beseni la kufulia nguo halikuguswa na chombo cha kulia. Kikombe kikitumbukia humo ulikivunja, hata kiwe kipya. "Baba alikataa," ulisema, na hapo mjadala umekwisha.

Majuzi madam, mwenye nyumba ninayofanyia kazi, alitia kikombe kwenye beseni nililofulia. Nikakitoa, nikakitupa kwenye pipa. Alikuja juu! "Wewe majnun, una wazimu? Sabuni ipo, maji yapo, halas!" Nikamjibu, "Madam, kwa hilo mimi siwezi."

Sista Moira, muuguzi Mskoti anayekuja kumhudumia mama yake madam, alikuwa mlangoni. Akanifuata jikoni. "Nani alikufundisha hivyo?" Nikamweleza habari zako, naye akavuta kiti akaketi. Kumbe mama yake ametoka katika zile familia za Uskoti zinazohamahama, mafundi wa mabati, na beseni kwao ni hivyo hivyo. Kazini hajawahi kumwambia mtu, maana hata kwao watu hao hutukanwa.

"Ijumaa tutampigia shangazi yangu," akasema. "Koo zote anazo kichwani."

Shangazi hakuuliza karatasi yoyote. Aliuliza walikuwa wakipiga hema wapi, na Wili aliondoka na nani. Mengi sikuyajua. Akaniambia wazi kwamba akina Wili waliopotelea Afrika ni kadhaa, na hataki kunidanganya. Moyo ukanishuka. Kisha akauliza, "Na huyo binti alimpa jina gani?"

"Jesi," nikasema.

"Basi huyo ni Wili wetu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ndugu ya babu yangu. Jesi ni mama yao."

Sisi sote tulidhani umepewa jina la kizungu tu. Hakuna aliyefikiri kwamba yule fundi aliifuata desturi ya watu wa mkewe, mama yako: binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Nilikaa chini sakafuni, nikacheka na kulia kwa pamoja.

Mkataba wangu ukiisha siweki sahihi tena, madam aseme atakavyosema. Nakuja Njoro. Nitawaita wazee wale wale, na Mjomba akae mbele. Safari hii nitakutaja mimi, kwa sauti, pale pale walipokohoa: Jesi, binti Wili, mwana wa Jesi.

Lala salama, Nyanya, una watu.

Mjukuu wako