Maelezo ya Mama Stoo Kuhusu Mhuri, Kiyoyozi na Namba ya Kazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, Ijumaa tarehe 21 Machi, kuanzia saa 3:40 asubuhi.

Jina: Limewekwa kwenye jalada. Kazini anaitwa Mama Stoo.
Umri: Miaka 46.
Kazi: Mtunza stoo na mpokea simu, karakana ya majokofu na vyumba vya baridi.
Makazi: Nyumba yenye geti la kijani, nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Uhusiano na mtuhumiwa: Dada yake, baba mmoja mama mmoja.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu mwenyewe, sikuitwa na mtu. Nimemwomba afande aniandike kama ninavyosema na asinilainishie maneno, maana nina hasira na sitaki zipotee njiani.

Mtuhumiwa ni mdogo wangu. Ana miaka 34, na karakana nzima inamwita Barafu. Tuna mafundi tisa. Wanane kati yao, jokofu likiharibika, wanafungua ndipo watafute ugonjwa. Barafu anaweka sikio kwenye kompresa, anafumba macho kidogo, kisha anakwambia kilichokufa. Vyumba vya baridi vya machinjio amefunga yeye. Chumba cha kuhifadhia dawa za chanjo cha hospitali kubwa anakihudumia yeye peke yake, miaka sita sasa, na hakijawahi kupanda joto hata siku moja. Hayo nayasema mapema ili ijulikane tunamzungumzia mtu gani.

Mnamo tarehe 11 Januari, saa 5 asubuhi, Barafu alifanyiwa usaili kwa simu ya video kutoka kampuni moja ya ng'ambo inayohudumia maghala ya baridi. Nilishika simu mimi. Walimwambia afungue kompresa iliyokufa huku wanatazama. Alifungua, akaitengeneza, ikaunguruma. Mzungumzaji wa upande wa pili alipiga makofi, nikamsikia kwa masikio yangu. Tarehe 24 Januari wakamtumia cheti cha udhamini, kurasa mbili. Juu upande wa kulia palikuwa na namba yenye tarakimu nne. Naomba afande aipigie mstari hiyo namba, tutairudia.

Hatukujua taratibu za viza ya wafanyakazi wenye ujuzi. Wifi yangu, mke wa Barafu, aliambiwa na jirani kuwa kuna mtu anayefundisha kanuni zake kila Jumamosi. Ndiye mlalamikaji wa leo. Watu wanamwita Mshauri.

Tarehe 1 Februari, saa 4 asubuhi, nilimsindikiza mdogo wangu kwenye darasa la Mshauri, ukumbi mdogo juu ya duka la kushona nguo. Kulikuwa na viti vya plastiki kama thelathini na kiyoyozi kimoja ukutani, hicho hicho anachodai leo kuwa kimevunjwa. Mshauri alivaa tai na alikuwa na antena ya gari iliyokatika, anaonyeshea maandishi ubaoni. Alisema, "Viza hii ni ya wenye vyeo. Ukiandika kazi ya mikono, umejifungia mlango mwenyewe."

Barafu alinyoosha mkono. "Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Kazi yangu imo kwenye orodha?"

"Fundi?" Mshauri akacheka, na ukumbi ukacheka naye. "Ndugu yangu, mafundi wanao kwao mpaka wanawamwaga. Wanatafuta mameneja."

Nilimwona mdogo wangu akiushusha mkono pole pole na kuuficha chini ya paja, kama aliyeshikwa anaiba. Mtu aliyefunga mitambo ya machinjio mazima! Hapo damu ilianza kunichemka na haijatulia hadi leo. Nilisimama nikauliza ile namba ya tarakimu nne kwenye cheti ni ya nini. Mshauri hakukitazama hata cheti. Alinijibu, "Mama, hiyo ni namba ya faili tu, usiumize kichwa." Nikakaa. Nakiri kwamba nilikaa na nilimwamini, kwa sababu ya tai na antena.

Sasa naingia kwenye habari ya mhuri, na hapa ndipo nataka kila neno liandikwe.

Mwenye karakana, tunayemwita Mzee, hakai ofisini. Kutwa yuko kwa wateja. Mteja akitaka hati ya matengenezo naye hayupo, kazi inalala. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu. Kila Jumatatu saa 2 asubuhi, kabla Mzee hajawasha gari, anasaini karatasi tupu kumi zenye nembo ya karakana, pale chini. Mimi nagonga mhuri juu ya sahihi, nazifungia kwenye droo, na wiki nzima najaza maneno kulingana na mteja. Tumefanya hivyo miaka kumi na moja. Tuliona ni ujanja wa kuokoa muda, na wageni tulikuwa tukiwasimulia kwa kujisifu.

Tarehe 6 Februari, saa 8 mchana, Barafu alikuja dirishani kwangu stoo. Aliniambia, "Dada, Mshauri anataka barua ya utumishi. Kasema nimpelekee karatasi ya karakana, ataandika mwenyewe kwa lugha yao." Nilimpa karatasi mbili. Zilikuwa na sahihi halisi ya Mzee na mhuri halisi. Mhuri niligonga mimi. Hakuiba na hakughushi chochote, alipewa na dada yake kupitia dirishani, na juu yake nikampa bahasha safi.

Mshauri alijaza karatasi moja kati ya zile mbili kwamba Barafu ni Meneja wa Uendeshaji na anasimamia wafanyakazi arobaini. Arobaini! Karakana yetu ukihesabu na paka hatufiki kumi na tano. Kwenye fomu ya viza akaandika vivyo hivyo, na ile namba ya kwenye cheti akaiacha, akaweka nyingine aliyoichagua mwenyewe. Barafu aliyaona maneno hayo kwenye skrini tarehe 20 Februari, siku ya kutuma. Alishtuka. Mshauri akamwambia wote waliofika walipita njia hiyo. Mdogo wangu akanyamaza, na kosa lake ni hilo moja. Mimi hakuniambia. Aliona haya.

Tarehe 4 Machi, saa 4:15 asubuhi, simu ya ofisi iliita. Mwanamke mwenye sauti ya upole alisema anapiga kutoka ofisi ya viza, anaomba kuzungumza na mtu anayemjua Meneja wa Uendeshaji, akataja jina kamili la mdogo wangu.

Nilicheka. Nilimwambia, "Meneja? Hapa hatuna meneja, mama. Tuna Mzee, mafundi tisa, madereva wawili na mimi. Huyo ni fundi." Akauliza anafanya kazi gani hasa. Basi nikamwaga sifa. Nikamweleza machinjio, chumba cha chanjo, kompresa na sikio. Nilisema hajawahi kusimamia mtu kwa sababu hana muda, yeye anafanya kazi. Niliongea dakika tano nzima nikijua namjengea ndugu yangu. Yule mwanamke alinishukuru sana.

Tarehe 12 Machi jibu lilikuja. Limekataa. Limesema mwombaji alitoa taarifa za uongo, kwa hiyo hataruhusiwa kuomba tena kwa miaka kumi. Barafu alikuja dirishani akaiweka barua kwenye kaunta.

"Dada, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ukweli."

"Ungeniuliza kwanza."

Hajazungumza nami tangu siku hiyo. Akitaka vifaa stoo alikuwa anaandika kwenye kikaratasi. Mtoto niliyembeba mgongoni ananiandikia kikaratasi: koki mbili za shaba, mkanda mmoja.

Tarehe 14 Machi, saa 10 jioni, nilikwenda kwa wifi na kanuni za viza zilizochapishwa, kurasa kumi na tisa. Tulikaa kwenye mkeka tukasoma ukurasa kwa ukurasa, neno gumu tukilitafuta kwenye simu. Nilikasirika zaidi kadiri nilivyoelewa, kwa sababu hazikuwa ngumu. Zinasema kila kazi ina namba yake. Zinasema mwajiri lazima awe na kibali cha kudhamini, na ile kampuni ya ng'ambo ilikuwa nacho. Zinasema kinachoangaliwa ni kazi unayoifanya kila siku, si jina la cheo. Ukurasa wa kumi na moja kuna orodha ya kazi zinazokubaliwa. Wifi alishuka na kidole, akasimama. Tarakimu nne. Ile namba ambayo Mshauri alituambia ni ya faili. Pembeni yake imeandikwa: kufunga, kukagua na kutengeneza mitambo ya baridi.

Wifi aliniuliza, "Kwa hiyo angesema tu yeye ni fundi?"

"Ndiyo."

"Basi?"

"Basi."

Wifi alikunja mkeka tukiwa bado tumekaa juu yake. Sikumlaumu.

Mnamo tarehe 19 Machi, saa 3 asubuhi, nilimpa Barafu ule ukurasa wa kumi na moja kupitia dirishani. Aliusoma amesimama. Aliusoma mara ya pili. Kisha akachukua begi lake la vifaa akatoka, nami nikafunga stoo nikamfuata kwa nyuma. Saa 4 kamili tulikuwa ukumbini kwa Mshauri. Kulikuwa na watu sita wamekuja kujiandikisha.

Mlalamikaji amewaambia kwamba mdogo wangu alivamia ofisi na kuvunja kiyoyozi. Huo ni uongo mwingine, na wakati huu nilikuwepo. Barafu aliingia akasalimia. Alisema, "Nimekuja kukuonyesha kazi yangu, maana ulisema haimo." Kwanza alirudisha gesi yote kwenye mashine ya nje, kwenye kibaraza, hata harufu hatukuisikia. Kisha akazima umeme, akapanda kiti, akakifungua. Alipanga vipande mezani juu ya fomu za Mshauri kwa utaratibu: kifuniko, chujio, feni, sahani ya maji. Skrubu alizitia kwenye kikombe cha chai. Alitumia dakika arobaini. Mshauri alikuwa akipiga kelele, "Meneja mzima huna adabu!"

Barafu alimjibu mara moja tu. "Mimi siyo meneja."

Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki akawasubiri askari walioitwa na Mshauri. Kosa la kufungua mali ya mtu bila ruhusa simtetei, ahukumiwe kwa hilo. Lakini hakuvunja. Mtu asiyejua kazi ndiye huvunja.

Sasa nasikia, licha ya kiyoyozi, anashtakiwa kughushi ile barua ya utumishi. Mshauri kasema aliletewa barua ikiwa imeshaandikwa. Mzee naye kaja hapa jana na kusema hajawahi kusaini karatasi tupu na kwamba mhuri uliibwa. Jana hiyo hiyo, saa 11 jioni, Mzee aliniita kwenye gari akanitaka niseme hivyo hivyo. Aliniambia, "Mama Stoo, fikiria kazi yako."

Nimefikiria usiku kucha. Mhuri haukuibwa, uko kwenye droo, na ufunguo huu hapa nimekuja nao. Na kwenye droo kuna karatasi tupu saba za Jumatatu iliyopita, zimesainiwa na kugongwa. Nimezileta. Afande amezihesabu mbele yangu. Kazi yangu najua imekwisha.

Afande ameniambia jambo ambalo sikulijua. Mdogo wangu ameulizwa mara nne kwa siku mbili alikopata karatasi ile, na mara zote nne amejibu, "Hilo sisemi." Afande aliniuliza kama najua anamficha nani. Haongei na mimi, lakini hajanitaja.

Hapo niliomba maji, nikapewa.

Barua ya kukataliwa inatoa siku kumi na nne za kuomba ikaguliwe upya. Leo ni ya tisa. Naomba nakala ya maelezo haya yenye mhuri wa kituo, iambatanishwe na maombi hayo, ili yule mwanamke mwenye sauti ya upole ajue kwamba niliyomwambia kwenye simu yalikuwa kweli, na kwamba uongo ulijazwa na mtu mwingine kwenye karatasi niliyoitoa mimi. Wakikataa tena, watakuwa wamekataa wakijua.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, sijaongeza na sijapunguza, na yeyote atakayeyapinga aje ayapinge mbele yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA AFISA MWANDISHI

Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti naye ameyakubali. Nimepokea ufunguo mmoja na karatasi saba, zimeingizwa kama vielelezo. Vipande vya kiyoyozi vimekaguliwa: skrubu ishirini na mbili, hakuna iliyopotea, hakuna kilichovunjika. Mlalamikaji amepiga simu saa 5:10 kuuliza kama mtuhumiwa anaweza kupelekwa chini ya ulinzi akakifunge upya kiyoyozi, kwa kuwa mafundi wawili aliowaita wameshindwa. Amejibiwa asubiri.

Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba kuiona fomu ya mtuhumiwa iliyojazwa hapa kituoni. Mbele ya neno "Kazi" palikuwa pameandikwa "Meneja", kama alivyotaja mlalamikaji. Shahidi alikataa kushika kalamu hadi pasahihishwe. Neno hilo nimelikata kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: Fundi wa mitambo ya baridi. Ametia sahihi saa 5:35.