Pikapu Iliyoacha Kunguruma

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea. Bibi yako hajambo, na zabibu zimeanza kuiva.

Unauliza kwa nini napiga honi hata pasipo na watu. Nilipokuwa karani kijana, pikapu kuukuu ya ofisi iliwekewa injini mpya ya Kijapani, isiyonguruma. Awali watu wa njia ya Mvumi walikuwa wakisikia mngurumo wa injini ya zamani, wakitoa wagonjwa barabarani tuwapeleke hospitali. Siku ya kwanza na injini mpya hakutoka mtu.

"Leo wote wazima," dereva akasema.

Niliogopa kumbishia, lakini nikamwomba turudi, tupige honi. Mama mjamzito akatolewa ndani, uchungu umemshika.

"Mnanyata kama wezi," mkwewe akatufokea.

Alijifungua salama hospitalini. Mimi napiga honi hadi leo, hata milango ikiwa imefungwa.

Babu yako