Muhogo wa Kula, Si wa Kupanda

Mama, shikamoo.

Nimefika Magarini salama, nimelowa chepechepe kwa mvua. Shangazi Kadzo anakusalimu sana.

Leo asubuhi bi harusi wa jirani alikuja kuomba pingili za muhogo, apande shamba lake la kwanza. Shangazi akamnyima! Nikaona haya, maana pingili hanyimwi mtu. Basi Shangazi akamshika mkono, akampeleka mpaka shambani, akatikisa jani lililojikunja, lenye madoa ya manjano. Inzi weupe wadogo wakaruka kama unga.

"Hawa ndio wanaotembeza maradhi, na pingili zangu zote zinayo. Nikikupa, nimekupandia njaa."

Kisha akamng'olea mihogo ya kula, akamjazia kikapu. Mashina akayachoma moto, na moshi ukamtoa machozi, au alilia kweli, sijui.

Mama, ule muhogo wa mlangoni petu, marehemu baba aliutoa huku huku kwa dada yake. Utazame majani. Ukiona yamejikunja, usimpe mtu pingili, lakini usiung'oe peke yako. Mungu akuweke. Ningoje, tuung'oe pamoja.

Mwanao,
Dama