Kachumbari Iliyonipa Nafasi

Jumanne, usiku

Nitasoma Bayolojia! Naandika haraka nisije nikaamka kesho na kudhani niliota.

Ilibaki nafasi moja katika darasa la Bayolojia na tulikuwa wawili, Njeri na mimi. Ambaye angeikosa angepelekwa kwenye somo la ushonaji. Mwalimu wa Bayolojia akatuuliza kwa nini mmea uliotiwa mbolea nyingi mno hunyauka hata ukimwagiliwa maji. Njeri akasema hajui. Mwalimu akanigeukia. Kichwani niliona kachumbari ya Jumapili tu.

Siku hiyo wazazi wa mchumba wa dada Wairimu walikuja hapa kwetu, mtaa wa Jericho, kujitambulisha. Nilitia chumvi kwenye nyanya na vitunguu tangu asubuhi, nikidhani nawahisha kazi. Kufika saa saba, nyanya zilikuwa zimelegea, zinaogelea kwenye maji yake. Shangazi akacheka mbele ya wageni: "Haya, leteni vikombe, leo kachumbari inanywewa!" Nililia nyuma ya mlango wa jikoni.

Basi nikajibu kwamba mbolea ikizidi, maji ya udongoni huwa na chumvi nyingi kuliko ya mizizini, kwa hiyo maji hutoka ndani ya mizizi, kama yalivyozitoka nyanya zangu. Darasa zima likacheka. Mwalimu pia!

"Hiyo ndiyo osmosisi," akasema. "Karibu Bayolojia, Mama Kachumbari."

Wataniita hivyo mwaka mzima. Waniite tu.

Namwonea huruma Njeri, kweli. Lakini kila nikijaribu kuhuzunika, miguu inacheza yenyewe chini ya blanketi.