Jina Lililobaki Disketi Ilipotoka

Alhamisi. Joto la kaskazi halijapungua. Nimekaa uani hapa Mtopanga, mwanangu Saumu amelala juu ya leso, na uso wangu unawaka, lakini si kwa joto.

Leo nimeapa uongo.

Najifunza kuchapa kwa Mwalimu Nasoro, kwenye chumba chake cha kompyuta huku Kisauni. Mimi niliyeishia darasa la saba singepata nafasi pale. Aliyeniombea ni Bi Mwanakombo, kiongozi wa akina mama wanaoimba arusini. Jumamosi wanaimba kwenye arusi ya binamu yangu. Na nyimbo zao hazionwi na mtu mpaka siku yenyewe, maana ndani mna mafumbo ya kuwachoma watu.

Juzi nilisikia bombani kwamba safari hii kuna fumbo la msichana aliyezaa upesi baada ya nikaha. Saumu wangu alikuja mapema. Watu walihesabu kwa vidole.

Basi adhuhuri Bi Mwanakombo akaniachia disketi ya nyimbo, ameifunga kwenye kitambaa, nimpe Mwalimu akirudi kutoka kusali amtolee karatasi. Nilibaki peke yangu, mtoto mgongoni. Nikafungua fundo. Nikaitia disketi, nikasoma nyimbo zote nikijitafuta. Nikaitoa, nikafunga fundo vile vile. Mimi nilidhani ni kama kaseti: ukishaitoa kwenye redio, redio haijui ilichoimba.

Simo. Hata ubeti mmoja.

Nilishukuru, kisha nikaona haya. Mimi ni nani hata nitungiwe wimbo?

Bi Mwanakombo alirudi Mwalimu akiwa ndiyo kwanza aingia. Akalitazama fundo, akacheka. "Hukuchungulia wewe? Nakujua kwa umbea."

"Wallahi sikuchungulia, Bi."

Lilinitoka upesi, kama chafya.

Mwalimu akakaa. Kabla hajaitia disketi alibonyeza kule chini pembeni atafute kazi yake, na mashine ikatoa majina ya faili zilizofunguliwa karibuni. La juu kabisa: Nyimbo za Arusi. "Mbona hii ishafunguliwa hapa?" akasema, masikini, bila nia mbaya. Akalibonyeza, mashine ikadai disketi. Naye kwa mazoea ya ualimu akatueleza: nyimbo zimetoka na disketi yake, lakini kompyuta imeweka jina la ilichokisoma.

Nilitazama chini. Sakafu ile naijua yote sasa.

Bi Mwanakombo hakunitukana. Alingoja karatasi zake, akazikunja, akamshika Saumu kidole kidogo, akaenda. Mimi hakuniaga.

Afadhali angenitukana.

Mwalimu baadaye alinionyesha namna ya kuyafuta majina yale, yakatoweka yote kwa mara moja. Nilimshukuru. Lakini mwenye nyimbo ameshaona.

Kesho nitakwenda kwake Magogoni, na mtoto wangu mgongoni. Siendi kuomba nisifukuzwe kwa Mwalimu. Nataka nimwambie mwenyewe, kwa mdomo ule ule ulioapa, kwamba nilifungua, na nilichokuwa nikikiogopa. Kiapo nitakifungia saumu, inshallah.

Na Jumamosi, akiniridhia, nitakaa mbele kabisa, Saumu pajani, waimbe wapendavyo. Wakiwa wameongeza ubeti, ni halali yangu.