Hakuna wa Kunipokea Uwanjani

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha mchana kutwa, sasa imekatika, lakini mawingu bado yamelala juu ya ziwa.

Naandika nikiwa hotelini. Nimezaliwa Mwanza, nimesoma hapa mpaka kidato cha nne, na leo ni mara yangu ya kwanza kulala katika mji huu kwenye kitanda cha kukodi.

Mama anajua nafika kesho. Nilimdanganya.

Acha niandike yote, maana nikiyaacha kichwani hayatatulia.

Kwa miaka tisa niliyofanya kazi Dar es Salaam, kila nilipokuja nyumbani kaka yangu Masanja ndiye aliyenifuata uwanja wa ndege. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha kule Mkolani, na alikuwa na pikapu kuukuu ambayo mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu. Alikuja na nguo zake za kazi zilizotobolewa na cheche, ananipokonya begi kabla hata sijamwamkia, anasema, "Umekonda. Huko Dar mnakula nini?" Kwake hiyo ilikuwa salamu tosha.

Masanja amefariki miezi minne iliyopita. Ni ini. Jumamosi kuna misa ya kumwombea, kisha tunajengea kaburi.

Leo ndege imetua saa nane. Nilikuwa nimeagiza gari la hoteli kwa simu. Nilipotoka na begi langu nikawakuta watu wamejipanga nje wakisubiri wageni wao, na mimi nikaanza kutafuta sura kati yao. Nilitafuta kweli, mstari mzima, mpaka nikafika kwa mzee mmoja wa shati la bluu aliyeshika karatasi yenye jina langu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Alijitambulisha kuwa ni mzee Bundala, dereva. Akaweka begi nyuma ya kibasi, akaniomba radhi kwamba tutasubiri kidogo kwa sababu kuna mgeni mwingine ambaye mzigo wake bado haujatoka. Tukasubiri karibu nusu saa. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari, na dirisha langu lilitazama pale Masanja alipopenda kuegesha. Leo palikuwa na teksi.

Mgeni mwenyewe alipofika, baba mmoja wa makamo aliyekuja kwenye semina, alikaa kiti cha nyuma akalala kabla hatujatoka getini. Mzee Bundala akanitazama kwenye kioo.

"Ndiyo mara ya kwanza kufika Mwanza?"

"Ndiyo," nikasema.

Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ningesema hapana angeuliza kwetu ni wapi, kisha angeuliza mbona nakwenda hotelini.

Basi akaanza kunitembeza mji wangu. Akanionyesha mawe, akaniambia watu wanajenga juu yake na nyumba hazitelezi. Tulipopita Pasiansi akanieleza tofauti ya sangara na sato. Tulipofika Kirumba akasema nikipata siku moja niende Kigongo nikaone daraja, siku hizi hakuna tena kupanga foleni ya kivuko, unavuka ziwa ndani ya dakika chache.

Foleni ile naijua. Bibi yetu aliishi ng'ambo, Sengerema, na tulipokuwa wadogo Masanja ndiye aliyenishika mkono kwenye kivuko. Daraja lilipoanza kujengwa aliniambia tutalivuka pamoja kwa pikapu. Mwezi wa mwisho wa uhai wake alinipigia simu: "Njoo unione, Kabula." Nikamwambia nikimaliza kazi za wiki hii. Wiki ile nikaisogeza. Masanja alikuwa mtu wa utani, nilidhani hata kuumwa anaumwa kwa utani.

Nikageukia dirishani ili mzee asinione.

Na hili sijawahi kuliandika popote. Siku ya kuja kumzika, watu wote waliambiwa nilikosa ndege. Mama aliambiwa hivyo. Sikukosa ndege. Nilifika pale uwanja mkubwa wa Dar saa mbili kabla ya ndege kuondoka, nikapita ukaguzi, nikakaa. Wakaita abiria wa Mwanza. Watu wakasimama, mimi nikabaki. Wakaita jina langu kwenye kipaza sauti, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nililisikia vizuri. Niliwaza nitafika, nitatoka nje, na hatakuwepo, na miguu ikakataa. Ndege ikaondoka. Walimzika saa tisa, mimi nikiwa kwenye kiti kile kile.

Simu ya mzee Bundala ikaita. Akasogeza gari pembeni, akaongea na mtu wa mapokezi kwa Kisukuma, bila kushusha sauti, maana mgeni wa mara ya kwanza ataelewa nini. Alisema: "Nakuja na wawili. Huyu binti ana jambo zito, analia kimyakimya tangu tumetoka. Mpe chumba cha upande wa ziwa, mbali na ukumbi. Kuna harusi leo, watampigia kelele."

Nilikaa na maneno hayo mpaka akarudisha gari barabarani.

"Wabeja, baba," nikamwambia. Asante, kwa Kisukuma.

Hakucheka, wala hakuniuliza kwa nini nilimdanganya. Aliendesha kidogo, kisha akauliza kwetu wapi. Nikamwambia Mkolani. Nikamwambia na jambo lenyewe: nimefiwa na kaka, fundi Masanja, aliyekuwa anatengeneza mageti karibu na barabara kuu. Nikangoja.

"Simfahamu," akasema. "Mkolani siku hizi imekuwa kubwa. Pole sana, mama."

Nilitamani amfahamu. Nilitamani aseme hata jambo moja dogo juu yake.

Tulipofika hotelini, yule wa semina akashuka. Mzee Bundala hakuzima gari. Akaniambia akitoa taarifa kwa bosi wake anaweza kunifikisha Mkolani sasa hivi. Nikakataa. Akateremsha begi langu, akalifuta maji kwa kitambaa chake.

Chumba ni kile alichonitafutia. Nimekaa kitandani na koti langu, nikampigia Mama.

"Mama, shikamoo. Nimefika."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Mwanza. Niko hotelini."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga. Nikaona nisiponena sasa sitanena tena.

"Mama, siku ile ya mazishi, sikukosa ndege."

"Hilo utaniambia kesho," akasema. "Usiniambie kwenye simu."

Kisha akaongeza, polepole, jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi pia sikukuuliza unafika saa ngapi. Hukuona? Niliogopa utaniambia saa, halafu nikose wa kumtuma."

Tukalia wote wawili, kila mtu upande wake. Mimi nilikuwa nimemficha saa ya ndege, yeye alikuwa ameogopa kuijua. Nikamwambia naweza kuchukua gari nije sasa hivi.

"Hapana. Lala huko leo. Hata mimi leo sijui nitakutazama vipi." Akavuta pumzi. "Kesho uje mapema, kabla watu hawajajaa. Tukae wawili kwanza. Umekula?"

"Nitakula."

"Kula."

Nimeongea na mapokezi. Mzee Bundala atanipitia saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaenda uwanjani. Nimejaribu kuandika hapa nitakachomwambia Mama, nimefuta mara tatu. Basi sitaandaa chochote. Nitafika, nitapiga magoti nimwamkie inavyopasa, na nitabaki pale chini mpaka yeye mwenyewe aniambie niinuke.