Machela ya Nyumba Nane

Kwembago,
4 Agosti 1974

Mdogo wangu Rubeni,

Pokea salamu zetu za huku mlimani. Sisi tuna uzima, ukiondoa kifua cha Mzee Suleimani na goti langu la kushoto. Nataraji wewe ni mzima na chakula cha mjini kinapita kooni. Mpwa wako Secilia anakuamkia. Mimba yake ina miezi mitano.

Sasa nisikilize. Jana bwana wa operesheni ya vijiji alibandika orodha kwenye mlango wa shule. Sote tushuke tukajenga kando ya barabara kabla ya mwezi wa kumi, viwanja mia na ishirini kwa mstari mmoja. Nimeisoma orodha ile mara mbili. Mwandiko ule naujua. Niliulipia karo miaka saba kwa kabichi nilizobeba kichwani mpaka Soni.

Mmetupanga kwa A, B, C. Abdallah kiwanja cha 1. Mimi Yudith cha 118, nyuma yangu wamebaki Zainabu na Zipora tu. Nani aliwafundisha kupanga watu kama madaftari?

Umesahau machela, au kiti cha ofisi kimekusahaulisha? Nyumba zetu nane zimekaa mteremko mmoja kwa sababu. Mgonjwa akizidiwa tunagonga jembe bovu lililoning'inia kwa Abdallah, na kila nyumba inatoa mtu mmoja. Wanne wanabeba, wanne wanapumzika wakitembea, wanapokezana kila hatua mia tatu. Hivyo tunafika hospitali ya Bumbuli kwa saa nne. Mwaka juzi tulikuwa watano tu, wengine wako shamba la mbali, tukatumia saa sita na nusu. Ndiyo siku Secilia alipopoteza mtoto wa pili. Mkunga wa Bumbuli aliniambia wazi: akianza kutoka damu tena, usimcheleweshe, safari hii atakwenda yeye na mtoto.

Nimeteremka nikapima kwa miguu yangu. Kutoka cha 1 mpaka cha 118 ni hatua elfu mbili mia tatu na kumi, na katikati kuna mto unaopiga kelele. Jembe halisikiki. Mume wa Secilia yuko kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, kwa hiyo usiniambie habari za mume.

Sikuombi unirudishe mlimani. Nyumba yangu ya bati ishirini na nane nitaibomoa mwenyewe, kama nilivyoijenga mwenyewe. Naomba wale saba wengine wawekwe karibu yangu. Namba saba tu, Rubeni.

Dada yako,
Yudith


Lushoto,
19 Agosti 1974

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia hamjambo. Hapa baridi ni kali lakini nimenunua koti. Mpe pole Mzee Suleimani, na goti lako ulikande kwa maji ya moto.

Dada, barua yako imenikosesha usingizi, lakini sina la kufanya. Orodha niliyoiandika imeshapigwa taipu nakala tano, moja imekwenda Tanga. Mimi ni karani, naandika ninachoambiwa. Mpango wa alfabeti uliletwa ili kuondoa ubaguzi, Mwislamu asikae na Waislamu tu wala Mkristo na Wakristo tu. Nilipoisikia sababu hiyo niliiona nzuri.

Tena mtakuwa kando ya barabara. Mgonjwa atachukuliwa na gari. Enzi za kubeba watu mabegani zinakwisha.

Atakayehama kiwanja bila kibali atahesabiwa mpinzani na kupelekwa mbele ya katibu. Tafadhali usiyaseme haya hadharani, ulimi wako naujua. Nimekutumia sukari kilo mbili kwa mkono wa dereva wa lori la chai.

Mdogo wako mtiifu,
Rubeni


Barabarani,
20 Oktoba 1974

Rubeni,

Marahaba. Sukari imefika kilo moja na nusu, nusu nyingine kamuulize dereva. Tu wazima. Secilia amevimba miguu.

Tumehama. Na kwa kuwa uliniambia habari za gari, nimekaa mlangoni siku kumi na nne nikichambua maharage na kuhesabu. Magari yaliyopita ni sita. Matatu ya mbao, mawili ya chai, yote yamejaa mpaka juu. La sita lilikuwa Landrova ya ofisi yenu. Nililipungia kanga. Waliokuwa ndani walinipungia mkono.

Kuhusu ubaguzi, nikuulize: katika nyumba nane za machela, Waislamu ni wangapi? Watano. Wakristo watatu. Hakuna aliyetupanga.

Sasa nitakuambia jambo, na ukitaka kalipeleke kwa katibu wako. Tulijenga kwa ngemo, leo watu wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Kwenye ngemo watu wanazungumza. Nikawaendea wale saba waliopewa viwanja vya jirani yangu, mmoja mmoja, nikiwa na jembe langu mkononi. Yakobo wa cha 116 alikubali kabla sijamaliza, kwa sababu wenzake wa machela yao wote wako karibu na cha 101, ambacho ni cha Mzee Suleimani. Wengine sita niliwalimia siku mbili mbili. Basi wao wakaenda huko, watu wangu wakaja huku. Hakuna aliyekwenda ofisini, na orodha yenu haijaguswa hata nukta.

Bwana wa operesheni akija kuhakikisha majina, kila mtu anakwenda kusimama kwenye mlango alioandikiwa. Akiondoka, kila mtu anarudi kwake. Wiki iliyopita alikuja ghafla. Mwanamwema alikwenda mbio na sufuria ya uji moto kichwani ili aonekane anapika kwake. Mzee Suleimani alikutwa cha 101 na kanzu yake na kofia yake, ndani ya nyumba ya Yakobo, chini ya picha ya yule mchungaji wa Kijerumani mwenye ndevu.

Bwana akauliza, "Mzee, huyu ni nani?"

Mzee Suleimani akaitazama picha kwa heshima. "Mkwe wangu," akasema.

Ikaandikwa.

Tumecheka siku mbili, Rubeni, mara ya kwanza tangu tushuke. Lakini silali vizuri. Ninahesabu siku za Secilia na ninahesabu midomo inayojua. Midomo ni mingi.

Dada yako,
Yudith


Lushoto,
2 Novemba 1974

Dada,

Shikamoo. Natumaini Secilia anaendelea vizuri na uvimbe umepungua. Mimi afya ninayo, utulivu sina.

Ile barua nimeichoma. Tafadhali usiniandikie tena mambo kama yale. Karani mwenzangu hufungua barua za watu kwa mvuke wa birika, na mimi ndiye niliyeweka sahihi kwamba kila mtu yuko kwenye kiwanja chake.

Tarehe 23 tunakuja kukagua, safari hii na mkubwa kutoka Tanga. Atakayesoma majina ni mimi. Nakuomba kama mtoto uliyemlea, warudishe watu kwenye namba zao kabla ya siku hiyo, warudi kweli, si kwa maigizo. Na ukiniona usinisemeshe kama ndugu.

Mdogo wako,
Rubeni


Barabarani,
15 Desemba 1974

Rubeni,

Marahaba, ingawa tarehe 23 hukuniamkia kama dada.

Nataka ujue niliona. Ulisoma majina mia na ishirini. Kwa kila jina ukatia alama, na macho hukuyainua. Ulipofika kwangu ukasema, "Shikamoo mama," kama unayemwamkia mama wa sokoni, ukapita. Ni kweli niliambiwa nisikusemeshe. Lakini wewe je, uliambiwa usinitazame? Nilikuvusha mto mgongoni mpaka una miaka tisa.

Watu sikuwarudisha. Ulilijua hilo. Ulipoita Abdallah, aliyejitokeza cha 1 alikuwa anahema kama mbuzi aliyefukuzwa, na wewe ukatia alama. Basi nami nikajua kwamba unajua, hasira yangu ikawa haina pa kukaa.

Sasa la Secilia. Tarehe 11, alasiri, alikuwa anaanika majani ya maboga. Akaniita kwa sauti ndogo. Nilipotoka niliona damu kwenye kifundo cha mguu. Niligonga jembe, sasa liko kwa Abdallah cha 117. Sijamaliza kumfunga kanga ya pili, watu walikuwa wamesimama mlangoni, saba, na mimi wa nane. Amina alikuwa na unga mikononi mpaka kwenye viwiko.

Tulipita njia ya mkato ya msituni. Mvua ilikuwa imeilainisha, Kristofa alianguka mara mbili na machela haikugusa chini. Mimi nilibeba zamu zangu zote, goti na lenyewe likanyamaza. Nilihesabu hatua kwa sauti ili Secilia asisikie kitu kingine. Nikifika mia tatu tunapokezana, naanza moja. Mahali fulani nilipotea kwenye hesabu, mimi, na Secilia kutoka ndani ya machela akasema, "Mia moja tisini na sita, mama." Ndipo nikajua bado yuko.

Tulitumia saa tatu na dakika hamsini. Daktari alimpasua saa hiyo hiyo. Aliniambia, "Mngechelewa nusu saa ningewapa maiti mbili."

Ni mtoto wa kike, kilo mbili na robo, sauti ya watu wanne. Secilia ameongezewa damu ya Mwanamwema na ya Abdallah. Anakula.

Nimekuandikia kwa sababu una haki ya kujua. Kuhusu kuninyima jicho, bado tuna mazungumzo.

Dada yako,
Yudith


Lushoto,
9 Februari 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ile ya tarehe 23. Mbusu mtoto. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na hii sikuichoma.

Macho sikuyainua kwa sababu ningeyainua ningecheka, au ningelia, na mkubwa alikuwa pembeni yangu. Sina maelezo mengine.

Mwezi uliopita kuna mtu wa huko aliandika ofisini. Jina sikuonyeshwa, wala usilitafute. Niliitwa mbele ya watu watatu. Waliniwekea njia nzuri kabisa: niseme wanakijiji walinidanganya. Mimi ningebaki na kiti changu, na wale kumi na wanne waliobadilishana wangeshitakiwa.

Nikasema, "Nilijua. Alama nilizitia nikijua."

Yule mkubwa wa Tanga aliniuliza kwa nini. Nilitaka kumweleza habari za machela, nikaona hataelewa, nikasema tu kwamba alfabeti haibebi mgonjwa. Haikuandikwa.

Nimeachishwa kazi tangu tarehe 31. Kuhusu viwanja, wamesema kila mtu abaki alipo kwa sasa, maana kuwahamisha watu kumi na wanne kunataka lori, na lori halina mpira. Hiyo "kwa sasa" ni yao, si yangu. Msiitegemee.

Chumba cha serikali natakiwa kukirudisha mwisho wa mwezi. Nina koti, sanduku moja, na taa. Sijui nielekee wapi. Nimeona aibu kuuliza, ila nauliza: huko kuna kiwanja?

Mdogo wako,
Rubeni


Barabarani,
16 Februari 1975

Rubeni,

Marahaba, zote mbili. Sisi wazima. Mtoto ameongezeka kilo nzima.

Viwanja vimekwisha. Alhamisi bwana wa operesheni anakuja na orodha mpya, safari hii ya mashamba, na nimesikia ni kwa A, B, C vilevile. Jana nilikuwa kwenye ngemo ya watu arobaini na mmoja. Tumekwisha kuanza kuzungumza. Utanisomea karatasi hiyo, wewe unajua wanavyoficha mambo kwenye mistari ya chini.

Lakini huku upande wa kina Yakobo wana nyumba moja tupu. Mwenyewe amekwenda mkonge na mkewe, hawarudi karibuni. Paa linavuja mahali pawili. Tangu aondoke machela yao ina watu saba, na wiki jana walimbeba bibi mmoja kwa saa tano. Nimewaambia nina mtu. Wameuliza ana mabega gani, nikasema ya kalamu, ila yatazoea safari ya tatu.

Misumari uje nayo, huku haipatikani. Jembe nitakupa langu la zamani.

Ukifika usije kwangu kwanza. Pita cha 101 kwa Yakobo, wakupime urefu, wajue watakuweka mbele na nani. Warefu wakichanganywa na wafupi, mgonjwa anateleza.

Dada yako,
Yudith